Siku Tatu Ambazo Maduka Yalifungwa

Spéciose hakuchagua kusoma historia. Aliomba sheria, akaomba uchumi, na mstari wa tatu wa fomu akaujaza historia kwa sababu hakutaka kuuacha wazi. Wizara ikaamua. Majina yalipobandikwa ukutani alijikuta kwenye orodha ya Histoire, wa kumi na tisa, kati ya wenzake waliokuwa na nyuso za watu walioshushwa kwenye kituo kisicho chao. Mama yake alipopata habari nyumbani Musaga, aliacha kuchambua maharage akamtazama binti yake kwa huruma.

"Histoire ndo nini? Ukimaliza utakuwa nani?"

"Mwalimu, mama. Ama mutu wa kutafuta mambo ya zamani."

"Mambo ya zamani! Hapa kwetu watu wanakimbia mambo ya zamani, we unaenda kuyatafuta."

Mama hakwenda mbali na ukweli, na tuseme tu mapema kwamba hadithi hii haitamwumbua. Lakini mwaka wa kwanza chuoni ulimpata Spéciose kwa namna ambayo hakuitarajia. Alikuwapo mwalimu mmoja, Profesa Marcellin, mtu mfupi aliyevaa sweta hata Bujumbura inapochemka, ambaye hakufundisha wafalme wala vita. Alifundisha jinsi ya kutoamini. Wiki ya pili aliwatuma wanafunzi nyumbani wakawaulize watu wawili wa ukoo, kila mmoja peke yake, familia ilifikaje mahali inapoishi. Mama yake Spéciose alisema babu alishuka kutoka milimani kutafuta kazi bandarini. Mama mdogo alisema babu aliwakimbia wakwe zake usiku wa manane. Wote wawili waliapa. Spéciose alicheka wiki nzima, na kicheko kilipokwisha akagundua kwamba amependa. Kwamba watu wawili wenye damu moja wanaweza kubeba babu wawili tofauti, wala hakuna mwongo kati yao, ni jambo lililomfurahisha kuliko sheria zote za dunia.

Profesa Marcellin alikuwa na kanuni alizozirudia mpaka wanafunzi wakawa wanaziigiza kwenye foleni ya chakula. Jambo lililosemwa na mtu mmoja tu usiliandike kama limekwisha. Na ya pili, ambayo wengi waliisahau baada ya mtihani: watu kumi waliosikia jambo kutoka kinywa kimoja ni shahidi mmoja, si kumi. Spéciose hakuisahau. Ingekuwa heri kwake kama angeisahau.

Ilipofika zamu ya kuandika mémoire, ule utafiti ambao mwanafunzi hana budi kuutetea mbele ya jopo ndipo apewe shahada, wenzake walichagua mada zinazomalizika haraka. Yeye alichagua mstari mmoja. Aliupata katika nakala iliyofifia ya ripoti ya karani wa Kibelgiji, ya mwaka 1959, mji ukiitwa bado Usumbura. Karani aliandika kwamba wafanyabiashara Waarabu wa barabara moja ya Quartier Asiatique, mtaa wa Waasia, wamefunga maduka yao kwa siku tatu, kisha wakafungua. Sababu, akamalizia, haijulikani. Basi. Mtawala alikuwa na polisi, alikuwa na wapelelezi, alikuwa na magereza, na bado akashindwa kujua kwa nini watu wauza vitambaa wamefunga milango. Spéciose aliona hapo ndipo pake. Sura ya kwanza ingeeleza walivyofika hao wafanyabiashara, ya pili walivyoishi, na ya tatu, ambayo ndiyo roho ya kitabu, ingejibu swali la karani.

Aliulizauliza mpaka akaelekezwa kwa Bibi Ghanima, nyumba iliyo nyuma ya duka la vitenge. Mwaka ule wa 2014 bibi alikuwa na miaka sabini na sita, mrefu, amenyooka, na akili yake kali kama wembe. Mwaka wa maduka kufungwa alikuwa bi harusi wa miaka ishirini na mmoja katika barabara ileile. Mjukuu wake Zayd, aliyeshika duka, alimkaribisha Spéciose kwa kahawa na tende, na bibi akazungumza kutwa nzima huku simu ikirekodi. Alitaja kila duka, mwenyewe, na alichouza. Alieleza vitambaa kwa majina ya kuchekesha ambayo wanawake waliyapa. Lakini kila Spéciose alipoifikia barabara iliyofungwa, bibi alikunja kanga yake magotini.

"Ile nitakuambia siku ingine, mutoto wangu. Leo bado."

Mara nne alikwenda, na mara nne alijibiwa hivyo. Na Spéciose hakukasirika. Alifikiri ana wakati. Kila mtu aliyekuwa na miaka ishirini na tatu mwaka ule alifikiri ana wakati.

Profesa alikuwa anaidai sura ya tatu, basi akaiandika kwa kukisia. Si ukisiaji wa kijinga, alijenga hoja. Maduka yote ya barabara moja hayafungwi siku tatu bila msiba, akasema, kwa hiyo labda alifariki mzee wao. Na msiba tu usingemshangaza karani, kwa hiyo labda serikali iliwakatalia kupita na jeneza katikati ya mji. Walifunga labda si kwa hasira bali kwa heshima. Na kwa kuwa kwenye nakala ile iliyofifia alisoma mwezi kuwa wa nne, mwezi wa mvua kubwa, akaifungua sura kwa mvua: ilinyesha siku zote tatu, maji yakapita milangoni, wanawake wakaketi kimya nyuma ya vizingiti. Aliipenda sana hiyo mvua. Profesa aliirudisha sura ikiwa na kila "labda" imezungushiwa wino mwekundu, kumi na moja kwa jumla, na pembeni ameandika kwamba mwanahistoria haishi kwa labda. Alichomaanisha ni kwamba akatafute ushahidi. Spéciose alifuta neno akaziacha sentensi.

Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa ambalo mwanafunzi yeyote wa historia amelifanya angalau mara moja akiwa amechoka. Mtu wa kawaida akidanganya hudanganya. Wanahistoria hufuta neno moja tu na karatasi yenyewe ndiyo inayoanza kudanganya, kwa mwandiko mzuri, ikiwa na nambari za kurasa. Alichapa nakala mbili. Moja akampa Profesa, ya pili akampelekea Zayd akague kama majina ya ukoo yameandikwa sawa.

Kisha ukaja mwaka 2015 na machafuko yake ya kisiasa. Chuo kilifungwa, Musaga ikajaa vizuizi na milio ya risasi, na Spéciose na mama yake wakavuka mpaka kwenda Uvira na mfuko mmoja wa nguo. Simu yenye sauti ya bibi ilipotea njiani, hakujua ni wapi, na kwa miezi mingi hakuwa na nafasi ya kuihuzunikia simu. Waliporudi nyumba ilikuwa imesimama lakini haikuwa na mlango. Mama aliugua. Spéciose alipata kazi katika depo moja ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, kuandika namba za malori yanayoingia na saa yalipoingia, kazi ya miezi mitatu ambayo aliifanya miaka minane. Madereva walimwita Professeure. Mwanzoni ilikuwa utani, baadaye likawa jina tu, na hilo lilimuuma zaidi.

Mwaka huu, mwezi wa tano, tangazo lilibandikwa chuoni. Wanafunzi wa mfumo wa zamani ambao hawajatetea mémoire zao wawe wametetea kabla ya tarehe 31 Julai. Baada ya hapo majina yao yatafutwa, na miaka yao yote ya masomo itakuwa haikuwepo. Spéciose aliomba ruhusa depo, akaenda kumtafuta Profesa Marcellin. Alimkuta na sweta lilelile, nywele nyeupe, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Na faili lake alikuwa nalo! Alilitoa kabatini bila kutafuta.

"Sura ya kwanza, très bien. Ya pili, très bien," alisema. "Ya tatu haina mutu ndani. Unaandika kama vile ulikuwa hapo, na hukuwa hapo. Niletee mutu mmoja aliyekuwa hapo, na maneno yake. Mmoja tu. Mi nitaweka sahihi siku ileile."

Mmoja tu. Spéciose alitoka pale akitembea kama msichana. Miaka kumi na moja alikuwa ameibeba aibu ya kuwa msomi wa nusu, na sasa kilichobaki ni alasiri moja na bibi mmoja, kama yu hai. Alilipitia tena lile faili, akakuta nakala nyingine ya ripoti ya karani, iliyochapwa vizuri kwa mashine, na hapo akaona kwamba mwezi haukuwa wa nne. Ulikuwa wa saba. Alitabasamu peke yake. Mwezi wa saba Bujumbura haipati tone, vumbi tupu. Nitaifuta ile mvua, alijisemea, na hakulifikiria tena.

Bibi Ghanima alikuwa hai. Alikuwa kitandani karibu na dirisha, amekuwa mdogo, mikono imebaki mishipa, lakini uso uling'aa alipomwona mgeni, ingawa hakumtambua. Zayd alimtambua. Alimkumbatia mbele ya wateja.

"Dada Spéciose! Alhamdulillah. Tulidhani mulikufa. Ingia, ingia, bibi anapenda kuongea mambo ya zamani, ndo dawa yake."

Spéciose aliweka simu juu ya mto ikirekodi. Hakutaka kuzungukazunguka. Aliuliza kuhusu siku tatu ambazo maduka yalifungwa, akitarajia kanga ikunjwe, akitarajia siku ingine. Bibi hakukunja kitu. Alianza kusema.

Alisema mzee wao mkubwa alifariki. Alisema walitaka kumpitisha katikati ya mji na mzungu akakataa. Alisema wanaume walirudi na jeneza, wakakubaliana bila kikao, kila mmoja akafunga mlango wake. "Haikuwa hasira," alisema bibi, sauti ikipanda na kushuka polepole. "Ilikuwa heshima."

Spéciose alihisi machozi yakimjaa. Alikuwa amekisia sawa! Kijana wa miaka ishirini na tatu, na mstari mmoja wa karani, na akili yake tu, alikuwa ameufikia ukweli ambao serikali nzima ilishindwa kuupata. Hajawahi, si kabla wala baada, kuwa na furaha kama ile ya dakika zile mbili, na ni haki tuseme kwamba aliipata.

"Na mvua," bibi akaendelea, "ilinyesha siku zote tatu. Maji yalikuwa yanapita hapa mulangoni, na sisi wanawake..."

"...tumekaa kimya nyuma ya vizingiti," Zayd akamalizia kutoka mlangoni, akitabasamu, kama mtu anayemsindikiza mtoto kwenye sala aliyoikariri.

Spéciose alizima simu. "Mvua, bibi? Mwezi wa saba?"

"Mvua kabisa, mutoto wangu. Naiona mpaka leo."

Spéciose akatoka kwenda uani, na Zayd akamfuata, akadhani mgeni ameguswa na huzuni. Akamweleza kila kitu kwa shukrani. Kwamba miaka sita iliyopita akili ya bibi ilianza kuondoka, akawa anaamka anauliza yeye ni mke wa nani. Daktari alisema wamwongeleshe mambo ya zamani. Wao vijana hawakuyajua hayo mambo ya zamani, wangeyatoa wapi? Ndipo Zayd akakumbuka karatasi za dada Spéciose. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri alimsomea, akitafsiri Kifaransa kwa Kiswahili, na kila mara bibi aliipenda ile ya maduka kufungwa, akataka irudiwe. Mwisho akaanza kuisema mwenyewe. Watoto nao wanaijua. Binti yake Dalia ameisimulia shuleni.

"Bila we, dada, bibi angebaki bure," alisema Zayd. "Ulitupa bibi yetu."

Utamwambia nini mtu anayekushukuru hivyo? Spéciose alirudi ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika bibi mkono, akamnong'oneza ili Zayd asisikie.

"Bibi, zamani uliniambia utanieleza siku ingine. Ilikuwa kabla ya karatasi. Ile ingine ilikuwa nini?"

Bibi alimtazama. Macho yalikwenda dirishani, yakarudi, yakaenda mlangoni, kama ya mtu anayetafuta ufunguo katika nyumba isiyo yake.

"Kuna ingine?" aliuliza kwa woga. "Nimesahau nini, mutoto wangu? Niambie. Nimesahau nini?"

"Apana, bibi. Ni hiyo tu. Umesema yote."

Ikabidi amwimbie kidogo mpaka atulie.

Siku mbili aliandika namba za malori akiwa hayuko pale. Kanda alikuwa nayo. Sauti ya mwanamke wa miaka themanini na saba, aliyekuwepo, aliyesema yote kwa kinywa chake. Kilichotakiwa ni kuikata kabla ya mvua, na hakuna mtu duniani angejua. Usidhani hakulifikiria. Alikaa na kidole juu ya simu basi zima la kwenda kazini na basi zima la kurudi. Kilichomshinda si uadilifu mkubwa, asingependa tumpambe. Kilichomshinda ni kwamba kila akiisikiliza ile sauti alijisikia yeye mwenyewe, akiwa kijana, akijifurahisha na mvua yake, na nyuma ya sauti hiyo palikuwa na kitu ambacho bibi alikitunza miaka hamsini na tano na ambacho sasa hakipo tena popote. Alikwenda kukiokoa. Amekizika yeye.

Profesa Marcellin alikuwa anafunga vitabu vyake kwa kamba Spéciose alipoingia. Alimsikiliza mpaka mwisho amesimama, kamba mkononi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Profesa. Mi na we."

Profesa alifunga fundo la kamba. Spéciose aliona wazi kwamba anatamani asingeambiwa.

"Sasa ninajua," alisema hatimaye. "Na nikishajua siwezi kuweka sahihi. Tafuta mwingine. Aliyekuwa hapo, na asiyesikia hiyo karatasi yako. Una siku ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Basi tafuta."

Alitafuta. Mzee Uthmani aliyekuwa na duka la pembeni alikufa wakati wa korona. Mshona kanzu aliyetajwa katika sura ya pili alihamia Kigoma, akafia huko. Wengine waliobaki walikuwa watoto wa watoto, na kila aliyemuuliza katika barabara ile alimjibu kwa furaha kwamba ndiyo, anaijua habari hiyo, ilinyesha mvua. Nyumba baada ya nyumba mvua yake ilimtangulia. Jioni moja alicheka barabarani peke yake, kicheko kibaya, mpaka mwuza maandazi akamuuliza kama yu mzima.

Tarehe 19 Julai Bibi Ghanima alifariki, akazikwa siku hiyohiyo. Siku ya pili ya msiba, Jumapili mchana, Spéciose alijifunga kitenge kichwani akaenda. Wanaume walikuwa nje chini ya hema, wanawake ndani juu ya mikeka, na pazia katikati. Alipewa nafasi karibu na ukuta. Aliyekaa mkabala naye alikuwa bikizee mwembamba aliyefika asubuhi hiyo kutoka Rumonge, na wanawake walimwambia kwamba huyo ni Bibi Houda, mtoto wa mama mdogo wa marehemu, aliyelelewa na Ghanima hapa hapa alipokuwa msichana wa miaka kumi, mwaka ule Ghanima alipokuwa bi harusi, kabla ya yeye mwenyewe kuolewa kule. Hajaja mjini tangu zamani.

Spéciose alihesabu miaka kichwani. Huyu alikuwapo, na karatasi yake hajawahi kuisikia.

Baada ya kisomo, Zayd alishika kipaza sauti huko nje. Alisema atasoma kidogo kuhusu maisha ya marehemu, kama ilivyoandikwa na watu wa chuo. Akaanza, na wanawake wakanyamaza. Alipofika kwenye mvua, Bibi Houda aliinua kichwa.

"Mvua gani?" alisema kwa sauti. "Ilikuwa jua. Mi nilikuwa natembea peku, vumbi linachoma miguu, na Ghanima alinituma niende kwa..."

"Bibi, ngoja kwanza," mmoja alimshika goti kwa upole. "Ni mvua. Bibi mwenyewe alisema hivyo mara mingi. Iko kwenyi kitabu."

Dalia aliinuka akaleta zile karatasi za nakala, zimechakaa pembeni, akamfungulia. Bibi Houda hakujua kusoma Kifaransa. Alipitisha kidole juu ya mistari, taratibu, akazirudisha karatasi.

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa, bibi."

"Basi," alisema.

Spéciose alivuka mikeka kwa magoti. Hakujali tena heshima ya msiba. Aliinama karibu na sikio la bikizee, akamwambia jina lake, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyeandika, na kwamba ameandika uongo bila kukusudia. Akamwambia habari ya mwezi wa saba. Akamsihi amalizie: alitumwa wapi, na kwa nani?

Bibi Houda alimsikiliza yote. Macho yake hayakuwa ya mtu aliyechanganyikiwa hata kidogo.

"Ghanima ndo alikupa hiyo mvua?"

"Apana, bibi. Niliiwaza mwenyewe."

"Na habari yenyewe, ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Mara ngapi?"

"Mara ine."

"Akakukatalia mara ine." Bibi Houda alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Alikuwa na akili yake yote, akakukatalia. Halafu akili yake ikatoka, we ukamuwekea yako, na amekufa nayo. Sasa unataka mi nikupe ile aliyokunyima, na hajamaliza hata siku mbili mu udongo?"

"Bibi, nisipoipata hakuna atakayeijua kamwe. Itapotea."

"Itapotea," alikubali Bibi Houda. "Ndo vile alitaka."

Spéciose alifungua mdomo amweleze habari ya tarehe 31, ya jopo, ya miaka kumi na moja, ya mama yake Musaga ambaye bado alimwuliza kila Jumapili kama wamempa ile karatasi. Maneno yote yalikuwapo na hakuna hata moja lililokuwa na uzito mbele ya mwanamke huyu. Huyu alimjua Ghanima akiwa mzima, na Spéciose alimjua tu kama sura ya tatu.

"Rudi ukae, mwanangu," alisema Bibi Houda, akampapasa mkono kama mtu anayempa pole mfiwa. "Unawazuia kusikia."

Alirudi mahali pake karibu na ukuta, na wanawake wakasogea wampishe. Nje Zayd alikuwa amefika kwenye jeneza na mzungu aliyekataa, sauti yake imekatika kwa kilio, akasimama, akaendelea. Dalia alikuwa anazitamka sentensi pamoja na baba yake, midomo tu, bila sauti. Bibi Houda aliinamisha kichwa na kusikiliza hadi mwisho kama wengine, na dua ilipoombwa akaitikia amina.

Siku kumi na moja zilizobaki, Spéciose hakumtafuta mtu mwingine.